Nani Ashikaye Ufunguo wa Seva?

(Hotuba ya Halmashauri ya Elimu kwa wajumbe wa matawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika mkutanoni.)



Tulipotangaza kwamba hotuba ya leo itakuwa juu ya seva na jinsi ya kuilinda isiingiliwe na watu wasio na ruhusa, wanachama wengine waliuliza, "Hayo yatuhusu nini sisi? Seva ni mali ya tajiri. Ikiibiwa, ameibiwa yeye." Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu kabla ya kusema neno jingine.

Seva ni kompyuta kama kompyuta nyingine, lakini kazi yake ni kuzitumikia zile nyingine. Katika kampani nyingi imewekwa katika chumba kidogo chenye baridi, au ndani ya kabati la chuma chini ya ngazi. Siku hizi mara nyingi haimo kabisa katika jengo la kampani, bali imekodiwa kwa watu walio mbali. Karani aandikapo hesabu, maandishi hayakai pale mezani pake. Hupita katika waya au katika waifai yakaenda kukaa ndani ya seva. Sasa fikirini ni nini kilichomo. Mna bei za bidhaa na madeni ya wateja. Hayo ni ya tajiri. Lakini pia mna mshahara wako, namba ya kitambulisho chako, PIN yako ya kodi, namba ya akaunti yako ya benki, na majina ya mke au mume na watoto uliowaandikisha kwa ajili ya matibabu. Mna barua za onyo ulizoandikiwa, za haki na zisizo za haki. Kama kazini kwenu mnaingia kwa kuweka kidole juu ya mtambo, basi mna alama ya kidole chako, ambayo ikiibiwa huwezi kuibadilisha kama ubadilishavyo kufuli. Na mna orodha ya wote waliotia sahihi Fomu S ili ada ya chama ikatwe katika mishahara yao.

Wazee wetu walivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, tangu miaka ile ya baada ya Vita vya Kwanza. Ndani yake tajiri aliandika habari za mtu, na tajiri mwingine akazisoma, hali mwenyewe pengine hajui kusoma yaliyoandikwa juu yake. Kipande kiliondoka. Lakini habari za mfanyi kazi hazijaacha kuandikwa. Zimehamia tu mahali pengine, na safari hii si tajiri peke yake awezaye kuzisoma. Mtu aliye katika mji mwingine, au ng'ambo ya bahari, ambaye hajapata kukanyaga geti la kampani yenu, aweza kuzisoma mlango ukiwa wazi. Hilo ndilo jibu letu.

Basi mlango huo ni upi?

Kila seva ina milango yenye namba, nayo ni mingi mno, inafika 65,535. Si milango ya mbao. Ni namba ambazo kompyuta hutumia kuambiana, "Nataka kazi fulani." Mlango 443 ni wa kurasa za intaneti zilizofichwa maandishi yake njiani. Mlango 445 ni wa kompyuta za Windows kugawana mafaili ofisini. Mlango 3389 ni wa kuitawala kompyuta kutoka mbali, kana kwamba umeketi mbele yake. Seva ya mishahara haihitaji kufungua mlango 445 wala 3389 kwa dunia nzima. Lakini huwa hivi: fundi mmoja anataka kufanya kazi akiwa nyumbani siku ya Jumapili, anafungua 3389, kazi inakwisha, na mlango unabaki wazi miaka mitatu. Wezi hawaendi wakitafuta kampani yenu kwa jina. Wana programu zinazogonga milango ya intaneti yote, usiku na mchana, na penye jibu wanaandika.

Chombo cha kuzuia jambo hilo ni fayawoli. Mfano wake ni askari wa geti. Kuna askari ambaye ameambiwa, "Zuia wale unaowajua kuwa ni wabaya," na kuna askari ambaye ameambiwa, "Usiruhusu mtu yeyote isipokuwa wale walioandikwa katika daftari hili." Askari wa kwanza ni mapambo tu. Fayawoli inayofaa ni ya namna ya pili: milango yote imefungwa, na kila unaofunguliwa una sababu iliyoandikwa, jina la aliyeuomba, na siku ya kuufunga tena.

Twataka kuwasimulia mambo manne yaliyotokea, maana maneno matupu hayatoshi.

La kwanza ni la Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikaingia katika kompyuta zaidi ya 200,000. Ilipita mlango 445. Ikiingia, iliyageuza mafaili yote yasisomeke, kisha ikadai fedha. Huko England iligusa mashirika ya hospitali ya Serikali yasiyopungua 80 kati ya 236, na kwa makisio miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ikafutwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba Microsoft walikuwa wametoa sahihisho la kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Mahali palipowekwa sahihisho, programu ile ilikuta tundu limezibwa. Kwa hiyo kompyuta inaposema kwamba yataka kuweka masahihisho, nanyi mkabofya "baadaye" kila siku kwa sababu mkubwa anataka ripoti saa nne, mjue hiyo "baadaye" ina bei yake. Hatuwalaumu makarani kwa jambo hilo. Ni kazi ya kampani kutenga saa ya masahihisho, na saa hiyo ihesabiwe kuwa saa ya kazi.

La pili lilitokea mwezi uliofuata, tarehe 27 Juni 2017, nalo lawahusu zaidi ndugu zetu wa bandarini na wa makontena. Mashine za kampani ya meli ya Maersk, ya Denmark, zilizimika katika nchi nyingi kwa siku moja. Programu iliyofanya hivyo iliitwa NotPetya. Haikuingia kwa kuvunja mlango wa Maersk. Iliingia ndani ya programu ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc, ambayo kampani nyingi za Ukraine huitumia. Wezi walikuwa wameingia kwa wale wenye kuitengeneza programu hiyo, wakatia sumu katika masahihisho yake. Kwa hiyo kuweka sahihisho peke yake si dawa ya kila kitu. Ikiisha kuingia katika kompyuta moja, ilienea kwa nyingine zote kwa sababu zote zilikuwa katika mtandao mmoja ulio wazi kama uwanja wa mpira. Mwenyekiti wa Maersk alisema baadaye kwamba iliwapasa kutengeneza upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, nao waliifanya kazi hiyo kwa siku kumi.

Sasa sikilizeni jinsi walivyookoka. Maersk walikuwa na seva zipatazo 150 zilizotunza orodha ya nani anaruhusiwa kuingia wapi. Kila moja ilikuwa nakala ya nyingine, na kila moja ilikuwa ikiambiana na nyingine kila wakati. Walidhani kwamba 150 ni akiba kubwa. Zote zikafutika pamoja, isipokuwa moja tu iliyokuwa Ghana. Nayo iliokoka kwa sababu gani? Umeme ulikuwa umepotea huko Ghana kabla ya ugonjwa kufika, basi ile seva ilikuwa imekatika na wenzake. Walipotaka kuyatuma yale maandishi kwenda Uingereza, mtandao ulikuwa mdogo mno. Na katika wafanyi kazi wa Ghana hapakuwa na mwenye viza ya Uingereza. Mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria na kuikabidhi ile diski kwa mwenziwe, naye akaichukua mpaka Uingereza. Kampani nzima ya meli ilifufuliwa kwa kukatika umeme Afrika na mtu aliyebeba kitu mkononi.

Tumecheka, lakini fundisho ni hili: nakala ya akiba iliyoungwa na seva saa zote si akiba. Adui akifika kwa seva, amefika kwa nakala pia. Lazima iwepo nakala moja iliyochomolewa, iliyofungiwa mahali pengine, mbali na jengo. Na lazima ijaribiwe. Mafundi wengi huonyesha diski na kusema, "Nakala zetu ni hizi." Waulizeni, "Mara ya mwisho mlirudisha mafaili kutoka kwake lini?" Mkiona wanatazamana, mmeshapata jibu. Tajiri akipotewa na daftari la mishahara tarehe 28, ni nani atakayengoja tarehe 15 ya mwezi mwingine ili alipwe? Ni sisi. Huko Afrika ya Kusini mwezi Julai 2021 shirika la Transnet lilishambuliwa, na bandari zake za makontena, ikiwemo ya Durban, zikachelewa kwa siku kadhaa, watu wakirudia kuandika kwa mkono.

La tatu ni la Colonial Pipeline huko Marekani, bomba la mafuta lenye urefu wa karibu kilomita 8,850 kutoka Texas kwenda upande wa New York. Tarehe 7 Mei 2021 kampani ililifunga bomba lote kwa sababu wezi walikuwa wamo ndani ya kompyuta zake za ofisi. Likakaa siku tano kabla ya kuanza kufunguliwa tena, watu wakapanga foleni za petroli. Kampani ililipa bitcoin 75, kiasi cha dola milioni 4.4, ijapokuwa polisi wa FBI walirudisha sehemu kubwa ya hizo bitcoin baadaye. Wezi waliingia kwa njia gani? Kwa akaunti ya zamani ya kuingilia kutoka mbali, ambayo haikuwa ikitumika tena, lakini hakuna aliyeifuta. Mkubwa wa kampani aliwaambia wajumbe wa Senate kwamba neno la siri la akaunti ile halikuwa jepesi. Lakini lilikuwa neno tu, bila hatua ya pili ya kumthibitisha mtu. Neno likishajulikana, mlango umefunguka.

Kazini kwetu mtu akiacha kazi, au akistaafu, au akifa, hunyang'anywa sare, kofia na kadi ya geti siku ile ile. Akaunti yake katika seva huachwa. Mwaka wa pili, jina la marehemu bado laingia na kutoka. Twataka jambo hili lihesabiwe sawa na kadi ya geti: lifungwe siku ile ile. Ni kinga kwa kampani, na ni kinga kwa mtu aliyeondoka pia, maana kitu kikipotea, wa kwanza kusingiziwa ni yule asiyekuwepo kujitetea.

La nne tutalipitia upesi. Mwaka 2013 maduka ya Target huko Marekani yaliibiwa habari za kadi za benki zipatazo milioni 40. Mwizi alipitia maneno ya siri ya kampani ndogo iliyokuwa na mkataba wa kushughulikia mitambo ya baridi. Fundi wa friji hana haja ya kufika zilipo kadi za wateja. Lakini akiisha kupewa mlango wa kuingia, na ndani hakuna ukuta kati ya chumba na chumba, amepewa nyumba nzima. Na anayemwibia yeye neno lake amepewa nyumba nzima vile vile.

Tazameni kazini kwenu. Kamera za ukutani, mtambo wa vidole, mashine ya kupigia chapa, waifai ya wageni pale mapokezi, simu za mikononi za wafanyi kazi na seva ya mishahara: mara nyingi vyote vimo katika mtandao mmoja. Kamera imenunuliwa dukani, ikafungwa, na neno lake la siri ni lile lile la kiwandani, "admin" na "admin". Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka makamera na maruta mengi duniani kwa kujaribu tu orodha ya majina na maneno ya kiwandani yapatayo sitini. Fundi ajuaye kazi yake huukata mtandao vipande: wageni mbali, kamera mbali, mishahara mbali, na kati ya kipande na kipande kuna fayawoli. Si kazi ya fedha nyingi. Swichi nyingi za ofisini zaweza kufanya hivyo tayari. Kinachokosekana ni siku mbili za fundi.

Ndugu wajumbe, sasa twafika kwenye jambo ambalo limetuleta hapa hasa.

Tuchukue mfano wa ghala lenye zamu tatu. Kuna kompyuta moja na akaunti moja iitwayo "ghala", na neno la siri limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi. Msimamizi alijua, meneja alijua, na yule aliyeleta mashine ndiye aliyelibandika. Kwa nini? Kwa sababu kampani inalipia programu kwa kila jina, nayo inataka kupunguza gharama. Siku moja hesabu ya magunia haipatani. Meneja anafungua daftari la maingilio, yaani maandishi ambayo seva yenyewe huyaweka juu ya nani ameingia saa ngapi na kufanya nini. Daftari lasema: "ghala, saa 8.14 usiku." Zamu ya usiku ni ya fulani. Fulani anaandikiwa barua ya kujieleza kwa saa 24.

Lakini jina "ghala" si jina la mtu. Watu tisa walilijua neno. Tena ikiwa seva ile ina mlango wa kutoka mbali uliofunguliwa kwa dunia, mtu huyo pengine hakuwa ghalani kabisa. Na saa yenyewe? Saa ya seva isiporekebishwa na saa ya mtandao hupotea, na mara nyingine imewekwa kwa saa za nchi nyingine. Saa 8.14 usiku ya seva iliyowekwa kwa saa za Uingereza wakati wa baridi ni saa 11.14 alfajiri hapa kwetu. Kwa makosa ya saa tatu mfanyi kazi anaweza kupoteza kazi ya miaka kumi na sita.

Kwa hiyo mjumbe wa kazini anapoitwa katika kesi ya namna hii, na asikubali tu kusomewa karatasi moja iliyochapwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yampa mfanyi kazi haki ya kuelezwa kosa kwa lugha aijuayo, na ya kuwa na mfanyi kazi mwenzake au mjumbe wa chama wakati wa kusikilizwa. Mjumbe aulize haya: Akaunti hii ni ya mtu mmoja au ya wengi? Nani mwingine ajua neno? Ingilio lilitoka katika kompyuta gani, yenye anwani gani ya mtandao? Saa ya seva ilikuwa sawa? Daftari la maingilio limetunzwa wapi, na yule anayeshtaki anaweza kulifuta au kulibadili? Daftari lifaalo hutumwa mara moja kwenye mashine nyingine, ambayo hata fundi mkuu wa seva hawezi kuifuta peke yake. Askari wa zamu ambaye anaandika kitabu chake kwa penseli na kukaa na kifutio mfukoni, ushahidi wake una thamani gani?

Wala hatusemi kwamba hakuna mwizi katika wafanyi kazi. Wamo, nao watuharibia jina. Chama hiki hakitamtetea mtu aliyeuza neno la siri. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 yasema kwamba aingiaye katika kompyuta bila idhini aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 5,000,000, au kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. Na kumpa mtu neno la siri bila idhini nalo ni kosa. Basi ndugu, neno lako usimpe mtu. Usimpe mwenzako wa zamu, usimpe kijana anayepiga simu akisema yuko idara ya kompyuta, usimpe hata mkubwa wako. Akikuamuru, mwombe aandike amri hiyo. Wengi huacha kuamuru wakiombwa kalamu.

Neno lenyewe liwe refu. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto wako lililofuatwa na mwaka wa kuzaliwa, maana hayo mawili yamo katika ukurasa wako wa Facebook. Usitumie neno la kazini mahali pengine popote. Wezi hulipata katika duka dogo la intaneti lililoibiwa, kisha hulijaribu kazini kwako.

Juu ya hatua ya pili, yaani ile namba ya kuthibitisha baada ya neno la siri, twasema kwamba ni jambo jema sana, nalo lingezuia mlango ule wa Colonial. Lakini pana neno la chama hapa. Kampani nyingine zinamwambia karani, "Namba itakuja kwa simu yako." Simu ni yake, betri ni yake, na simu ikivunjika anaambiwa amechelewa kazi. Tena hapa Kenya twajua sote habari za wezi wa laini, wanaokwenda kusajili laini yako kwa jina lako na kupokea ujumbe wako. Msimamo wetu ni kwamba kifaa cha kuthibitisha ni chombo cha kazi kama gambuti na glavu, na mwajiri ndiye wa kukitoa. Vipo vifunguo vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta, navyo ni salama kupita ujumbe wa simu.

Kuna matajiri watakaosikia hotuba hii na kufurahi, wakisema, "Vema, basi tutaweka programu ya kutazama kila mfanyi kazi anachoandika, kwa ajili ya usalama." Hasha. Kuandika kwamba fulani aliingia katika seva ya mishahara saa tatu asubuhi ni kazi ya bawabu. Kusoma barua anayomwandikia mkewe au katibu wa tawi ni kazi nyingine kabisa, wala haizuii mwizi wa ng'ambo. Wajumbe wasikubali mambo haya mawili yafungwe katika furushi moja.

Na tusiwasahau mafundi wa kompyuta wenyewe, ambao wengi wao hata hawajajiunga na chama kwa kudhani kwamba wao ni wakubwa. Kampani yenye watu mia nne ina fundi mmoja. Huyo huyo hutengeneza mashine ya kupigia chapa, hufunga kamera, huamshwa saa tisa usiku seva ikizimika, wala halipwi saa za ziada. Kisha mlango ukivunjwa, ndiye wa kwanza kufukuzwa. Mtu mmoja aliyechoka hawezi kulinda milango 65,535. Twawaomba wajumbe wakae nao na kuongea nao.

Kuhusu sheria ya habari za watu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imempa kila mmoja wetu haki ya kujua ni habari gani zake zimewekwa, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa za uongo. Habari zikiingiliwa na wasioruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, mwajiri ampashe Kamishna wa Data katika saa 72 tangu alipojua, nao wenye habari zao waambiwe kwa maandishi. Mwajiri akikaa kimya mpaka mkasikia sokoni, amevunja sheria. Kuna habari ambazo sheria yaziita nyeti, zenye kutaka ulinzi zaidi: afya, alama za vidole, majina ya wazazi, mke, mume na watoto, na nyinginezo. Lakini angalieni. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, imetaja uanachama wa chama cha wafanyi kazi kuwa habari nyeti. Katika orodha ya sheria yetu, uanachama wa chama haukutajwa. Orodha ya Fomu S, ambayo kila mmoja wetu ajua ni nani angependa kuiona kabla ya mgomo, imelala katika seva pamoja na hesabu za sabuni na karatasi.

Kwa sababu hiyo Halmashauri imeandika kifungu cha kuingizwa katika mapatano yajayo na waajiri, nacho chasema hivi kwa ufupi: orodha ya wanachama na habari za mishahara ziwekwe mahali pake, zifichwe maandishi yake, zifunguliwe na watu wanaojulikana kwa majina tu, na daftari la maingilio ya mahali hapo lionyeshwe kwa mjumbe wa chama kila robo ya mwaka. Kila mfanyi kazi apewe akaunti yake peke yake. Na mtu asiadhibiwe kwa jambo lililofanywa kwa akaunti inayotumiwa na wengi.

Kwenye meza pale mlangoni kuna karatasi za maswali kwa kila tawi. Mtaandika ni sehemu ngapi za kazi zenye akaunti moja ya watu wengi, ni wapi kabati la seva halina kufuli, ni wapi mtambo wa vidole umefungwa bila watu kuelezwa alama zao zatunzwa na nani, na fundi wenu ni mmoja au ni wangapi. Msiandike neno la siri la mtu yeyote katika karatasi hizo, hata kwa kutoa mfano. Zirudishwe kwa katibu wa tawi kwa mkono, si kwa picha ya simu, kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Sasa tutapokea maswali, tukianza na wale wa zamu ya usiku ambao inawabidi kuondoka mapema.